SOMO LA WIKI: Orodha ya kazi kwenye simu na fedha za mnada, Nachingwea na Ruangwa

Mfanyabiashara wa Nachingwea au Ruangwa ana misimu mitatu ndani ya mwaka mmoja. Ufuta huingia maghalani katikati ya mwaka, mbaazi hufuata, na kuanzia Oktoba ni zamu ya korosho. Mzigo hupitia stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka kwenye chama chake cha msingi (AMCOS), mnada huendeshwa chini ya chama kikuu cha RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na fedha huingia benki baadaye. Hiyo "baadaye" ndiyo somo letu wiki hii.

Tumchukue mwenye duka mmoja wa mfano, mjini Nachingwea, mwenye tawi dogo Ruangwa. Anauza bati, saruji na vipuri vya pikipiki. Ana ekari chache za mikorosho, na anakopesha wakulima hadi mnada ulipe. Mambo yake nusu yamo kichwani, nusu nyuma ya risiti za zamani. Kwa mtu huyu programu ya orodha ya kazi, kama Google Tasks, Microsoft To Do au Todoist, ni mali. Zote zinaweza kutumika bila malipo, ingawa Todoist huuza huduma za ziada.

Wengi huanza kwa kumwaga kila kitu katika orodha moja. Baada ya wiki mbili mistari imefika sitini, nusu imegeuka nyekundu kwa kupitwa na tarehe, na mwenye simu haifungui tena. Kinachomshinda si wingi wa kazi. Amechanganya aina mbili: kazi zenye tarehe yake mwenyewe, na kazi zinazomsubiri mtu mwingine.

Za kwanza ni rahisi. Ritani ya VAT, kwa aliyesajiliwa, ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi ya mishahara ni tarehe 7. Awamu za kodi ya mapato, kwa anayefunga hesabu Desemba, ni mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ziandike mara moja, ziamuru zijirudie, na weka kengele ilie siku tatu kabla. Kengele ya siku yenyewe hukukuta safarini na fedha ziko dukani.

Palizi na salfa nazo zina tarehe, ila zina ujanja wake. Salfa ya unga dhidi ya ubwiri unga kwa kawaida hurudiwa kila baada ya siku 14. Mvua ikikuchelewesha siku nne, programu nyingi huendelea kuhesabu kutoka tarehe ya awali, si siku uliyopuliza kweli. Rekebisha tarehe mwenyewe, la sivyo utapuliza mapema na kupoteza fedha.

Sasa aina ya pili, ambako mitaji hufia. Fungua orodha ya pekee, uiite "Nasubiri". Kila mstari uwe na nani, tangu lini, na lini utauliza: "Deni la bati 20, mkulima wa mnada wa pili, uliza Jumatatu." Tarehe unayoweka hapo ni ya kuuliza. Usiweke tarehe unayotumaini kulipwa, kwa kuwa tumaini likishaandikwa kwenye simu huanza kuonekana kama ahadi ya benki.

Msimu wa 2018 ulionyesha hatari hiyo. Wakulima wa Kusini walikataa bei za mnadani, minada ikasimama, na Novemba serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likisaidia kuisomba. Ukafuata uhakiki wa wakulima, na malipo ya baadhi yao yakaingia mwaka 2019. Mwenye duka aliyekuwa na mstari mmoja tu, "kulipa mkopo kwa fedha za korosho", alikuwa na mkopo wenye tarehe na fedha zisizo na tarehe.

Mstari kama huo uvunje mara tatu. Rejesho la mkopo liende kwenye orodha yenye tarehe. Madeni ya wakulima yaende "Nasubiri". Wa tatu, uwekwe wiki tatu kabla ya rejesho, useme: "Nasubiri ikichelewa, nalipa kwa nini?" Huo wa tatu ndio utakaokufanya upunguze oda ya bati wakati bado kuna nafasi ya kupunguza.

Mpangilio wa nini kitangulie nini una historia hapa hapa. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuifikia Nachingwea, ulitegemea reli na bandari mpya ya Mtwara. Mradi ulivunjwa 1951. Bandari ilikamilika 1954. Mamilioni ya pauni yalitumika, na kazi karibu zote zilikuwa zimeandikwa kwenye mpango.

Mambo ya nyumbani, ada za shule, harusi, hata mechi ya Namungo, yawe na orodha yake, lakini uyasome pamoja na ya duka kila asubuhi: ada hutoka kwenye droo ile ile. Microsoft To Do ina sehemu iitwayo My Day inayoanza tupu kila siku. Chagua mambo matano, basi.

Usiache daftari. Wunderlist, programu iliyopendwa na wengi, ilinunuliwa na Microsoft 2015 na kufungwa Mei 2020. Kila Jumamosi nakili "Nasubiri" kwa kalamu.

Orodha ya mzigo unaweza kuishiriki na kijana wako wa Ruangwa. Ya madeni usiishiriki, na simu uifunge kwa namba ya siri. Kumbuka pia kwamba akiwa kijijini bila mtandao, alama anayoweka hukaa kwenye simu yake hadi mtandao urudi. Orodha ikionyesha mzigo bado uko ghalani, mpigie kwanza kabla ya kukodi lori.