Kushiba Huku Ukipunguza Uzito

Watu wengi wanaokusudia kupunguza uzito huanza kwa kuacha chakula cha usiku. Siku tatu za mwanzo hupita kwa ari. Siku ya nne, saa nne usiku, jiko huwashwa upya, na kinacholiwa wakati huo huzidi kile kilichoachwa. Hatimaye fedha za nyumbani huishia kwenye makopo ya unga na pakiti za chai inayodaiwa kuyeyusha mafuta. Ipo njia isiyo na gharama hiyo: kupunguza nishati ndani ya sufuria, sahani ikabaki imejaa.

Uzito hupungua pale mwili unapopata nishati ndogo kuliko inayotumia. Nishati hiyo hupimwa kwa kilokalori. Gramu moja ya wanga au ya protini huwa na kilokalori 4, ilhali gramu moja ya mafuta huwa na 9. Tumbo, hata hivyo, halijui hesabu hizo. Linachokitambua zaidi ni ujazo wa chakula, pamoja na maji na nyuzinyuzi zilizomo. Nayo protini huchelewesha njaa kurudi. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi chenye nishati sawa, kisha wakapima shibe yao kwa saa mbili. Viazi mviringo vya kuchemsha viliongoza: vilishibisha zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Kiazi hichohicho kikikaangwa kuwa chipsi, gramu 100 zake hupanda kutoka kilokalori 85 hivi hadi karibu 300.

Basi tuanze na mafuta, kwa kuwa hapo ndipo hasara ilipo kubwa na isipoonekana. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban kilokalori 120. Mpishi anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu hufikisha vijiko sita bila kujua. Nusu kilo ya mchicha ina kilokalori zipatazo 115 tu. Vijiko hivyo sita huongeza 720. Ukitumia viwili badala ya sita, ukakaanga kitunguu taratibu na kuongeza nyanya na maji kidogo, mboga ya watu wanne hupungukiwa kilokalori 480, yaani 120 kwa kila mlaji. Ujazo wake haubadiliki. Ladha hubadilika kidogo, na si vyema kukuficha hilo. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili husaidia sana.

Ugali hauna haja ya kufukuzwa mezani. Unga wa mahindi una kilokalori zipatazo 360 kwa gramu 100, hivyo kupunguza gramu 50 za unga katika sehemu yako huokoa kama 180. Pengo hilo lijaze kwa mboga za majani na maharage ya kuchemsha, ambayo bilauri moja yake ina kilokalori 220 hivi na gramu 15 za protini. Anayependa dona atapata nyuzinyuzi nyingi zaidi kuliko katika sembe. Chai yenye vijiko vitatu vya sukari, ikinywewa mara tatu kwa siku, huleta kilokalori zipatazo 145 zisizoshibisha hata kidogo.

Dukani, soma lebo kwa makini. Tuseme pakiti ya biskuti ya gramu 80 imeandikwa kilokalori 96 kwa sehemu moja ya gramu 20. Anayeimaliza pakiti amekula 384. Lebo nyingine hutumia kilojuli. Gawanya kwa 4.2 upate kilokalori. Maneno «haina kolesteroli» juu ya chupa ya mafuta ya alizeti ni ya kweli, lakini hayaitofautishi na nyingine: mafuta ya mimea kwa kawaida hayana kolesteroli ya kutajika, na nishati yake ni ileile.

Kuhusu chai za kupunguza uzito, nyingi huwa na majani yanayoharisha. Mizani hushuka kwa sababu maji yametoka mwilini. Ukinywa maji, uzito hurudi, na mafuta ya mwili yapo palepale. Usinunue bidhaa ya namna hiyo isiyo na orodha ya viambato wala jina na anwani ya mtengenezaji, na ukiinunua, tunza risiti.

Kupunguza kilokalori 300 hadi 500 kwa siku kunawatosha watu wazima wengi. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, na wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari wasianze kabla ya kuonana na daktari, kwa maana sukari ya mgonjwa huyo inaweza kushuka ghafla iwapo chakula kitapungua na dozi ikabaki ileile.