Mchorishe Simba! Vidokezo 8 vya Kuagiza Picha ya Mbwa Iliyochorwa kwa Mkono

Rafiki yako ana vikombe vya kutosha, pafyumu tele na mashuka ya akiba. Ana pia mbwa wake, Simba, anayempokea kila jioni kana kwamba bosi katoka Ulaya. Basi mzawadie picha ya Simba! Mwaka 1836 mchoraji Edwin Landseer alimchora Dash, mbwa wa Victoria, mwaka mmoja tu kabla binti huyo hajawa malkia wa Uingereza. Wewe huhitaji ikulu. Kumbuka tu kwamba mchoraji hamjui huyo mbwa, na kazi yako ni kuwatambulisha.

1. Ipeleleze nyumba kwanza
Kabla hujatoa shilingi, jiulize: picha itatundikwa? Katika nyumba nyingi za Waislamu, hasa huku pwani, picha za viumbe hai hazikai ukutani. Mbwa atalinda geti, picha yake italinda stoo! Na kama mbwa amekufa juzi, muulize kwanza mtu wa karibu. Huenda mwenyewe bado hayuko tayari kumwona.

2. Piga magoti
Ndiyo, na suruali yako hiyo hiyo. Ukimpiga picha kutoka juu, atatoka kichwa kikubwa na vijiguu vya kifaranga. Shuka usawa wa macho yake, rudi nyuma hatua mbili tatu, kisha vuta picha kidogo kwa kamera, maana ukimsogelea mno pua inavimba. Zima flashi, tumia mwanga wa asubuhi au kivuli cha barazani. Ukiona kinukta cheupe ndani ya jicho, hongera: hicho ndicho kitakachoupa mchoro uhai. Mbwa ni mweusi? Gusa uso wake kwenye skrini kabla ya kupiga ili kamera iongeze mwanga. Vinginevyo mchoraji atapokea doa jeusi lenye ulimi.

3. Tuma kama dokumenti
Ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa na manyoya yanageuka uji. Itume kama dokumenti, au kwa barua pepe. Zawadi ni ya siri? Waombe watoto wa nyumba hiyo wakupigie picha. Malipo yao ni aiskrimu, na siri wataitunza… walau hadi jioni, kwa hiyo fanya haraka.

4. Usilisahau sikio lililochanika
Mbwa wa kienyeji wa kahawia wamejaa mtaani. Huyu anatofautianaje nao? Mwandikie mchoraji mambo matatu: sikio lipi husimama na lipi hulala, kovu liko wapi, mguu upi una kidole cheupe. Mwambie wazi kwamba kasoro hizo zibaki. Mchoraji mwenye roho nzuri anaweza kulinyoosha sikio ili mbwa apendeze, ukajikuta umelipia mbwa wa jirani.

5. Tazama mbwa aliowahi kuchora
Kuna bingwa wa sura za maharusi anayeshindwa kabisa na manyoya. Omba kuona wanyama aliochora, na uangalie macho na pua. Penseli hufaa kwa vinyweleo vidogo vidogo, mkaa huleta giza zito, na rangi ya maji hupendeza kwa mbwa mchangamfu. Rangi ya mafuta inaweza kuchukua wiki kadhaa kukauka, hivyo usiiagize Desemba ukategemea Krismasi! Unapenda vituko? Mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, wenye rangi kali na madoa, utampa Simba koti ambalo hajawahi kuliota. Kwa kuanzia, pita vituo vya wasanii kama Nafasi Art Space kule Mikocheni, Dar es Salaam, au Kuona, Nairobi, ukaulize nani anachora wanyama.

6. Elewaneni kwa maandishi
Ujumbe mmoja mfupi unatosha: ukubwa, idadi ya mbwa, tarehe, bei. A4 ni sentimita 21 kwa 29.7, na A3 ni mara mbili yake. Kichwa cha pili mara nyingi huongeza gharama. Lipa nusu mwanzo, nusu ukikabidhiwa, na tarehe mtajie ya wiki moja kabla ya ile halisi (unawajua mafundi!). Omba pia kuona mistari ya mwanzo. Sikio likikosewa pale, kifutio kinamaliza kazi. Kosa likigundulika baada ya manyoya kukamilika, mtaanza kununiana.

7. Je, ni mkono kweli?
Siku hizi simu inageuza picha kuwa "mchoro wa penseli" kufumba na kufumbua. Omba picha ya kazi ikiwa nusu, penseli ikiwa kando yake. Ukiipokea, iinamishe kwenye mwanga: penseli iliyokolezwa hung'aa kidogo, na karatasi huonyesha mikwaruzo. Chapa ya mashine haina hayo.

8. Mwone fundi fremu
Mwambie aweke ukingo wa kadibodi ndani ya fremu ili kioo kisigusane na karatasi. Kwa unyevunyevu wa pwani, vikigandana umeumia. Unaituma Mwanza kwa basi? Isafirishe bila kioo, imelala katikati ya mbao mbili nyembamba. Mchoro wa mkaa usiuviringishe kamwe. Nyuma andika jina la mbwa, jina la mchoraji na mwaka.

Kisha ikabidhi, ujipokelee makelele ya furaha. Simba mwenyewe atainusa mara moja na kwenda zake, kwa hiyo yeye mbebee mfupa.