Zamu Yako Imefika



Jumamosi iliyopita nilitoka Cape Town, ninakosoma, nikaenda ufuo wa Boulders, Simon's Town, kuwaona pengwini. Nilidhani ndege hawa wanaishi kwenye barafu tu. Kumbe pengwini wa Afrika wanajenga viota mchangani na chini ya vichaka, tena wanalia kama punda!

Nilisimama kwenye njia ya mbao mbele ya kiota kimoja. Pengwini alikuwa anaatamia, jua linamchoma, hasogei. Kwa kawaida mayai huwa mawili, na baba na mama huyaatamia kwa zamu kwa siku 40 hivi. Mmoja akienda baharini kutafuta samaki, mwenzake anabaki na njaa yake akisubiri. Samaki wakiwa adimu, aliyekwenda huchelewa, na anayesubiri akizidiwa huacha mayai. Ndiyo maana uvuvi uliopita kiasi umewaumiza sana, na mwaka 2024 waliwekwa kwenye kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Mara akatokea mwingine kutoka majini, anatembea kwa kuyumbayumba. Watu wakacheka. Mimi nilishindwa.

Nilimkumbuka dada yangu. Bibi yetu yuko kitandani kule Moshi, huu mwaka wa pili, na dada anamuuguza peke yake. Wiki ile alikuwa ameniandikia: "Njoo Desemba, mdogo wangu, nami nipumzike kidogo." Nikamjibu masomo yamenibana. Ukweli ni kwamba nilishapanga kutembea na marafiki.

Vijana, mara nyingi tunamsifu anayebaki nyumbani: "Ana moyo huyo!" Halafu tunamwachia yote. Lakini hata mwenye moyo huishiwa nguvu. Mtakatifu Paulo anapowaandikia Wagalatia (6:2) juu ya kubebeana mizigo, hasemi mmoja abebe na wengine wapige makofi. Na Amri ya Nne haina likizo.

Jioni ile nilimpigia dada, nikamwambia ukweli, nikaomba msamaha. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi njoo." Nimeshakata tiketi.

Swali la kutafakari: Nyumbani kwenu, ni nani anayekusubiri umpokee zamu?

Tusali: Ee Bwana Yesu, wape nguvu wanaouguza wagonjwa, nasi utuamshe twende kuwapokea. Amina.