Pampu Ikinyamaza, Nani Anajua?

Pampu ya kisima ikikufa, wa kwanza kujua ni mama aliyefika na mtungi alfajiri. Fundi aliye mjini hana habari. Siku zinapita, tunalaumiana, na punda wanarudishwa mtoni. Siku hizi iko njia ya kumfikishia fundi habari upesi. Tujifunze, ili mradi ukituletea tujue cha kuuliza.

Inavyofanya kazi

Kwenye waya wa umeme unaoingia kwa pampu hufungwa kifaa kidogo. Umeme ukipita, kifaa kinajua pampu inafanya kazi. Kando yake kuna modemu, ambayo ndiyo mdomo wake. Penye mtandao wa simu, modemu hutuma habari kama simu zetu za mkononi. Pasipo na mtandao, kama sehemu nyingi za kaskazini, hutuma juu kwa setilaiti. Zile za Iridium, kwa mfano, ni 66, nazo huzunguka dunia kilomita 780 hivi juu yetu. Ujumbe ni mfupi tu: leo pampu ilifanya kazi saa ngapi. Modemu nyingine hupokea amri pia, kama vile kuzima pampu tangi likijaa.

Mfano wa Kyuso

Huko Kyuso, Kitui, mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walijaribu jambo hili kwa pampu za mkono, wakitumia mtandao wa simu. Kifaa kiliwekwa ndani ya mpini, kikahesabu unavyopanda na kushuka. Hapo awali pampu mbovu ilikaa siku 27 kwa wastani. Wakati wa jaribio ilitengenezwa kwa chini ya siku 3.

Lakini tusidanganyike: modemu haikutengeneza pampu hata moja. Fundi alikuwa tayari akingoja ujumbe. Pasipo fundi wala spea, ujumbe ni kumpigia mbuzi gitaa.

Maswali ya kujadiliana

1. Ujumbe utafika kwa nani? Na sisi tutaupata?
2. Mradi ukiisha, nani atalipa ada ya setilaiti?
3. Spea ziko wapi, na pesa za fundi anaziweka nani?
4. Kukiwa kimya, tutajuaje kama ni pampu imekufa au ni kifaa chenyewe?

Kikundi kisicho na majibu kisikatae mradi. Kiyatafute kwanza, kiyaandike kwenye daftari, halafu ndio kitie sahihi.