Pedali ya Breki Ikibadilika: Kwa Wenye Magari ya Zamani Newala na Masasi

Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Wamakonde. Masasi iko chini, kati ya vilima vyake vya mawe. Msimu wa korosho magari makuukuu huteremka yakiwa yamejaa, na hapo ndipo breki hupimwa. Pedali ikibadilika, usikimbilie kununua busta, kifaa kinachousaidia mguu kukandamiza breki. Mguu wako unaweza kukuonyesha ubovu ulipo.

Pedali ikiwa ngumu na gari halitaki kusimama, kinachokosekana ni msaada wa busta. Busta hufanya kazi kwa kunyonywa hewa. Injini ya petroli huinyonya yenyewe. Ya dizeli huhitaji pampu, na kwenye Land Cruiser nyingi za zamani pampu hiyo imefungwa nyuma ya alteneta. Kwa hiyo mkanda ukikatika, chaji na msaada wa breki huondoka pamoja.

Pima hivi gari likiwa limesimama mahali tambarare. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, kisha ukiwa bado umeikandamiza, washa. Ikizama kidogo, msaada upo. Isipozama, anza na mpira wa hewa unaoingia kwenye busta na valvu yake: mpira uliopasuka ni ubovu wa bei ndogo sana kuliko busta.

Pedali laini ni habari nyingine. Ikipanda kila unapoipampu, kuna upepo kwenye mabomba au breki za nyuma zinataka kurekebishwa. Ikizama polepole chini ya mguu uliotulia, na hakuna mvujo unaoonekana, shuku mipira ya ndani ya masta silinda. Mafuta ya breki yakipungua bila tone chini, angalia pale masta silinda inapoungana na busta.

Pedali ikilainika mteremkoni tu na kurudi breki zikipoa, mafuta yamezeeka. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu, kiwango hushuka hadi karibu 140. Yabadilishe kila baada ya miaka 2.

Teremka kwa gia ndogo, injini ikiwaka. Ukiizima kubana mafuta, busta hubakiwa na akiba ya kukanyaga mara chache tu. Pedali ikilainika njiani, ipampu haraka, shusha gia, vuta handibreki taratibu, uegeshe hadi magurudumu yapoe yenyewe, bila kuyamwagia maji.