Hesabu ya Wengi na Siri ya Mmoja

Muhula huu nimepewa nafasi katika gazeti letu, nami nataka kueleza juu ya daftari la saratani. Katika daftari hili huandikwa wagonjwa wote wa saratani wa mahali fulani, ili ijulikane ni wangapi, ni wa umri gani, watoka wapi na waugua saratani ya namna gani. Jambo hili laonekana kuwa la madaktari peke yao, lakini kwa kweli latuhusu sote. Swali langu ni hili: Habari za daftari hilo zaweza kutolewaje kwa watafiti bila kufichua siri ya mgonjwa?

Nina sababu ya kuuliza. Jamaa yangu mmoja, mwanamke, aliugua saratani ya titi. Mwenyewe ameniruhusu nieleze habari hii, kwa sharti nisitaje kijiji chake wala udugu wetu. Siku moja taarifa ya afya ilisomwa katika mkutano, na mtu mmoja akaipiga picha kwa simu na kuieneza. Katika taarifa ile hapakuwa na jina hata moja. Mstari mmoja ulisema: mwanamke, miaka 41, mwalimu wa shule ya msingi, kijiji fulani, saratani ya titi. (Umri na kazi nimevibadilisha.) Basi, kijijini pale palikuwa na mtu mmoja tu wa namna hiyo. Kabla ya jua kuchwa kila mtu alikuwa amekwisha kujua. Wengine walikuja kumpa pole kana kwamba amekwisha kufa. Wengine waliwakataza watoto wao kunywa maji nyumbani kwake, ingawa saratani ya titi haiambukizwi. Naye kwa aibu akaacha kwenda kliniki muda wa miezi minne.

Aliyeiandika taarifa ile hakuwa na nia mbaya. Alidhani kwamba akifuta jina amemficha mtu. Kosa hilo ndilo somo letu la leo.

1. Daftari lina faida gani?

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji aitwaye Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye akaona wengine. Akajiuliza, Watoto hawa watoka wapi? Alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika, na kila jibu alilopata akalitia alama katika ramani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa motokaa kuukuu majuma 10, mwendo wa maili 10,000 hivi, toka Kampala mpaka Afrika ya Kusini, wakizuru hospitali zaidi ya 50.

Walikuta kwamba ugonjwa ule ni wa nchi zenye joto na mvua. Karibu na ikweta haukuonekana sana mahali penye kimo cha zaidi ya futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi. Baadaye ikafahamika kwamba unahusiana na malaria, na pia na virusi vilivyogunduliwa na Epstein, Achong na Barr mwaka 1964, katika vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kutoka Uganda. Leo mtoto mwenye saratani hiyo akiwahi hospitali aweza kupona kwa dawa.

Angalieni jambo moja. Ili kuligundua jambo hilo, Burkitt alihitaji kujua mahali alipotoka mtoto. Ramani yake haikuhitaji jina la mtoto hata mmoja.

Sasa tuutazame mkoa wetu. Sumbawanga iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,800 hivi, na sisi tulalao bwenini twaijua baridi ya mwezi wa Juni. Lakini ukiteremka Lyamba lya Mfipa mpaka Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa, wafika penye kimo cha mita 800 hivi, na huko ni joto na mbu. Daftari likitoa maneno “Mkoa wa Rukwa” peke yake, uwanda wa Ufipa na bonde huwa kitu kimoja, na jambo kama lile alilogundua Burkitt halitaonekana. Likitoa jina la kijiji, mtoto atajulikana mara moja. Hapo ndipo ugumu ulipo.

2. Kwa nini jina liandikwe kabisa?

Mtu aweza kusema, “Basi majina yasiandikwe tangu mwanzo.” Lakini fikirini safari ya mgonjwa wa kwetu. Huanza Sumbawanga, akapelekwa Mbeya, na pengine akafika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Huyo ni mtu mmoja aliyeandikwa mara tatu, na kila mahali jina lake laweza kuandikwa kwa herufi tofauti kidogo. Bila jina na mwaka wa kuzaliwa, mwenye daftari atahesabu wagonjwa watatu, na hesabu yake yote itakuwa ya uongo.

Kwa hiyo jina ni lazima ndani ya daftari. Lakini kazi yake ni ya ndani, nayo ikiisha, jina halina safari ya kwenda nje. Mgonjwa hupewa namba, na orodha ya kuonyesha namba ipi ni ya nani hukaa mbali, chini ya ufunguo, kwa watu wachache walioapa kutunza siri.

3. Kufuta jina hakutoshi

Katika miaka ya 1990, huko Massachusetts, Marekani, watafiti walipewa habari za matibabu ya watumishi wa serikali, majina yakiwa yamefutwa. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, Latanya Sweeney, alinunua kwa dola 20 orodha ya wapiga kura wa mji mmoja. Alilinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta katika orodha zote mbili, akazipata habari za ugonjwa za William Weld, aliyekuwa gavana wa jimbo lile. Ikiwa gavana alipatikana katika mji mkubwa, je, mkulima wa kijiji cha Ufipa atajificha wapi? Mkoa wetu ulikuwa na watu zaidi ya milioni moja na nusu katika sensa ya 2022, lakini kijiji ni watu wachache wanaojuana mpaka kwa kikohozi.

4. Basi, yafaa kufanya nini?

Wengine, kwa kuogopa mambo kama hayo, husema daftari lifungwe lisionwe na mtu yeyote. Mimi sikubali. Daftari lililofungwa daima ni kama mahindi yanayobunguliwa kihengeni huku watoto wana njaa. Serikali itajuaje kwamba Rukwa yahitaji dawa au mashine, kama wagonjwa wake hawaonekani katika hesabu? Nimesoma na kumwuliza mwalimu wetu wa Biolojia, nami naona mambo manne yanafaa.

Kwanza, swali litangulie. Mtafiti aeleze anataka kujua nini, kisha apewe yale tu yanayotakiwa na swali lake. Akiuliza habari za kimo cha nchi, aambiwe “uwandani” au “bondeni”, asipewe kijiji. Akiuliza habari za umri, apewe makundi ya miaka mitano mitano, asipewe tarehe ya kuzaliwa.

Pili, hesabu ndogo zisitangazwe. Mahali pengi, wagonjwa wakiwa wachache sana katika kundi, huandikwa tu “chini ya 5”.

Tatu, maombi yapimwe na watu wengine zaidi ya mtafiti mwenyewe. Hapa Tanzania utafiti wa afya huombewa kibali cha maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kamati ya kazi hiyo.

Nne, anayepokea habari atie sahihi kwamba hatajaribu kumtambua mgonjwa, hatampa mtu mwingine nakala, na ataiharibu nakala yake kazi ikiisha.

Mambo haya si ndoto. Daftari la saratani la Kampala lilianza katika miaka ya 1950, nasi hapa Tanzania tuna daftari la Kilimanjaro, lililoko KCMC, Moshi. Mwaka 2012 ulianzishwa mtandao wa madaftari ya saratani ya Afrika ili nchi zisaidiane. Nayo sheria imekwisha kusema. Ibara ya 16 ya Katiba yetu yalinda maisha binafsi ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti.

5. Neno la mwisho

Jamaa yangu alirudi kliniki. Muuguzi mmoja alimfuata nyumbani jioni, bila sare, akakaa naye jikoni akamweleza jinsi habari zake zitakavyotunzwa. Nilipomwuliza kama sasa angependa afutwe kabisa katika daftari, alikataa. Alisema, “Wanihesabu, mwanangu, maana wako wengine watakaougua baada yangu. Ila wasinitangaze.”

Wazazi wetu, msiwafiche wagonjwa kwa kuogopa daftari, lakini mna haki ya kuuliza, Habari hizi zitakwenda wapi? Nasi wanafunzi, baada ya miaka michache baadhi yetu tutakuwa wauguzi, makarani na waganga. Siku hiyo mstari mmoja wa mtu fulani utakuwa mikononi mwetu. Kabla ya kuutoa, tusiridhike kwamba jina limefutwa. Tujiulize: Je, jirani yake akiusoma, atamjua?

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini jina la mgonjwa lahitajiwa ndani ya daftari, lakini halihitajiwi nje?

2. Mtafiti ataka kujua kama wanawake wa mjini huwahi hospitali kuliko wa vijijini. Apewe habari zipi, na anyimwe zipi?

3. Jedwali la kubuni lasema: Kata ya kwanza wagonjwa 12, kata ya pili 9, kata ya tatu “chini ya 5”, jumla 23. Je, siri ya kata ya tatu imetunzwa? Fanya hesabu ya kutoa, kisha ueleze jinsi ambavyo ungeliandika jedwali hilo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne