Nani Anachomoa Waya wa Gari Langu Usiku?

Anti, naishi Tegeta, nyumba ya kupanga, na kazi yangu iko Posta. Miezi minne iliyopita niliuza IST yetu nikanunua Nissan Leaf ya umeme iliyotumika Japani, ile ya betri ndogo. Nilitaka kupumzika petroli. Nyumbani tuko kaya tatu kwenye mita moja ya LUKU: mama mwenye nyumba, dada mmoja fundi cherehani, na mimi na mke wangu. Zamani kila kaya ilichanga 3,000 kwa mwezi na tulikuwa tunatosheka. Sasa umeme unafika 96,000. Mimi natoa 40,000, wao 28,000 kila mmoja, na bado wamenuna, hata salamu hawaitikii vizuri. Baya zaidi, kuna mtu anachomoa waya usiku. Wiki iliyopita nilitoka asubuhi bila kuangalia, jioni nikiwa narudi gari likawasha taa ya kobe pale Lugalo, likajikokota hadi kando. Nikavutwa kwa kamba watu wakitazama. Ekstensheni nayo imeanza kunuka. Fundi wa mtaani anasema betri itakufa ghafla na mpya ni bei ya gari zima. Mke wangu anasema uza, maana Morogoro kwa mama yake hatuendi tena. Anti, niliuze? Na huyu anayechomoa nimfanyeje?
Mwenye Gari Kimya, Tegeta

Mdogo wangu, naanza na swali lako la mwisho. Huyo anayechomoa mwache. Usimvizie dirishani, usiulize mtoto wa mtu, usipandishe sauti uani. Ningekuwa mimi ndiye huyo dada wa cherehani, ningechomoa mchana kweupe.

Tuhesabu pamoja. Kwenda Posta na kurudi Tegeta ni kama kilomita 50. Kwa siku 24 za kazi hizo ni kilomita 1,200. Leaf ya aina yako, ukijumlisha na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, inakula kama uniti 17 kwa kila kilomita 100. Kwa hiyo gari peke yake linamaliza uniti 200 kwa mwezi. Kwa tarifu ya T1, uniti moja pamoja na kodi na tozo inagharimu kama shilingi 356. Gari lako, basi, linakula shilingi 71,000. Wewe unatoa 40,000, na humo humo umeweka taa zako, feni yako na televisheni yako. Salio la mafuta ya gari lako analipa mama mwenye nyumba na dada wa watu anayeshona sare za shule.

Na si hilo tu. Hizo 9,000 mlizokuwa mkichanga zamani, ukiacha kodi ya majengo inayokatwa humo humo kwenye LUKU, zilikuwa zinawapa uniti 73 hivi. Unajua kwa nini nyingi hivyo? Kwa sababu mita yenu ilikuwa D1, tarifu ya mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Huko uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi, ndiyo maana ukinunua umeme wa 1,000 unapata uniti 8. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada inapigwa 350, na ukiendelea kuvuka mwezi hadi mwezi unahamishiwa T1, ambako 1,000 hiyo hiyo inakupa uniti 2 na kitu. Gari lako limeingia kwenye mita ya watu likaitoa D1. Yaani hata balbu ya mama mwenye nyumba, ambayo haijaongezeka mwanga, sasa inamgharimu karibu mara tatu. Yeye hajui habari za tarifu. Anachojua ni kwamba tangu lile gari lisilo na sauti liingie uani, umeme haukai. Na anajua sawasawa.

Malipo ya haki ni haya: wao warudi kwenye 3,000 zao, wewe utoe 90,000. Usishtuke. IST yako kwenye foleni ya Bagamoyo Road, ikienda kilomita 12 kwa lita, ilikuwa inakunywa lita 100 kwa mwezi. Kwa bei za miaka hii ya karibuni zinazocheza kwenye 3,000 kwa lita, hizo ni 300,000. Ukilipa 90,000 yote wewe, bado unabaki na zaidi ya laki mbili mfukoni kila mwezi. Mtu anayeokoa laki mbili halafu anamwachia jirani deni la 25,000, huyo, mdogo wangu, nisimpe jina.

Kwa hiyo nenda kwa mama mwenye nyumba jioni, wewe na mkeo, mkae. Mwambie umefanya hesabu upya. Warudishie yeye na dada kile walichozidisha kwa miezi minne, hata kama ni kwa mafungu mawili. Kisha omba ridhaa yake uombe mita yako mwenyewe TANESCO. Ukishapata mita, gari lihamie huko, na matumizi ya mita ya zamani yakishashuka chini ya 75, msaidie mama kuomba irudishwe D1. Wakati unasubiri, fundi akufungie submita kwenye njia ya gari tu, ili kila mtu asome kwa macho yake kilichoingia. Nakuhakikishia waya hautachomolewa tena. Na kama utachomolewa, utaona kabla hujaondoka: Leaf ina taa tatu za bluu juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, zinaonekana hata kutoka dirishani kwako. Ikichaji zinamulika. Ukiziona zimezimika saa ambayo gari lilipaswa kuwa linachaji, shuka ukaangalie.

Sasa hiyo ekstensheni. Hapa nitakuwa mkali kidogo, maana umeandika "imeanza kunuka" kama mtu anayetaja maharage. Tazama ule waya uliokuja na gari. Waya wa chaji wa Kijapani kwa kawaida umeandikwa volti 200, ampea 15. Ulipofika hapa, mtu alikata plagi yake ya Kijapani akafunga plagi yetu ya pini tatu, ambayo mwisho wake ni ampea 13. Gari halijui kwamba plagi imebadilishwa. Linavuta kadiri waya unavyoliruhusu. Pasi inavuta sana lakini inazimika na kuwaka. Gari linavuta bila kupumua saa nzima, ya pili, ya tatu. Chomoa hiyo plagi uangalie tundu la soketi: nadhani utakuta duara la kahawia kuzunguka pini ya kulia na plastiki imelainika. Hapo ndipo nyumba za watu zinapoungulia, tena usiku, watu wamelala.

Dawa yake haina mjadala. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, si yule anayerekebisha redio. Akuvutie njia ya gari peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita 4, saketi breka yake yenyewe na kinga ya umeme unaovuja, arthi iliyopimwa ikaonekana inafanya kazi, na mwisho wake soketi ya viwandani ya bluu ya ampea 16. Au nunua waya wa chaji wa ampea 10. Utachaji polepole zaidi, lakini wewe unahitaji kurudisha kilomita 50 tu kwa siku, na kwa ampea 10 hizo zinarudi ndani ya saa nne. Unalala saa ngapi?

Fundi wako wa mtaani amekutisha bure kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine ana hoja. Betri ya Leaf haifi ghafla kama injini iliyokosa oili. Inapungua. Ukiangalia kulia kwa kipimo cha chaji kuna vijistari vidogo 12. Hivyo ndivyo vinavyoonyesha afya ya betri, wala havihusiani na chaji ya leo. Cha kwanza kikipotea, betri imeshapoteza kama asilimia 15, na kila kinachofuata ni asilimia 6 na kitu. Hukuniambia vyako ni vingapi. Vikiwa 9, una karibu asilimia 70 ya betri ya awali, na hapo utegemee kilomita 90 hivi, ukiwa na AC na foleni. Kwa safari ya kilomita 50 hilo linatosha na chenji inabaki. Na betri hiyo imeundwa kwa moduli 48. Moja ikiharibika, fundi anayejua anaibadilisha hiyo, si lazima ununue betri nzima. Ila usimwamini sana mtu wa yadi kwa vijistari, vinaweza kuchezewa. Nunua kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, weka programu ya LeafSpy kwenye simu, usome asilimia halisi. Wasomaji wengine mnaopiga mahesabu ya kununua: hiki kipimo ni kabla ya kulipa, si baada.

Hoja ya fundi ni joto. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji kama magari mengine ya umeme. Inapozwa na hewa inayopita tu. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, kule jangwani Marekani, walilalamika kwamba betri zao zinapungua haraka kuliko walivyoahidiwa, na Nissan ikaja kubadilisha kemikali za betri kwa matoleo ya 2015. Dar si jangwa, lakini Januari na Februari hapa usiku wenyewe haupoi. Kinachoichosha betri ni joto likikutana na chaji iliyojaa. Basi usilijaze asilimia 100 jioni likakaa hivyo hadi Jumatatu. Usilianike juani Posta kama kuna mti mita mia mbele. Weka saa ya kuchaji ianze usiku wa manane ili imalize karibu na alfajiri, wakati wa kuondoka. Najua menyu yako imeandikwa Kijapani. Elekeza kamera ya simu kwenye skrini, programu ya kutafsiri itakusomea. Ni kazi ya jioni moja.

Kuhusu kobe. Lile gari lilikuambia mapema, hukulisikiliza. Kwanza linaonya kwamba chaji imeshuka, kisha ile namba ya kilomita zilizobaki inapotea kabisa na vinabaki vistari vitatu, ndipo kobe anatoka. Namba yenyewe usiitegemee sana. Inakisia kutokana na ulivyoendesha muda mfupi uliopita, kwa hiyo ukitoka kwenye foleni ya taratibu inakusifia, ukipiga mwendo inaporomoka. Foleni yenyewe haina shida kwako. Mwenye petroli anaunguza akiwa amesimama Mwenge. Wewe unalipia AC tu, kama uniti moja kwa saa nzima. Na siku likigoma kabisa asubuhi ilhali lina chaji tele, usiite breki dauni. Pima betri ndogo ya volti 12 kwenye boneti. Ikifa hiyo, gari zima halizinduki, na mpya inauzwa duka lolote la spea.

Limebaki la mkeo, ambalo uliliweka mwishoni kwa sentensi moja. Umeandika "niliuza IST yetu". Yetu ya nani? Sioni popote katika barua kwamba mlikaa mkakubaliana. Morogoro ni kilomita 190 hivi. Leaf yako haifiki, na sikushauri ujaribu kwa kuomba soketi kwenye hoteli ya Chalinze, ukae saa tano ukila chipsi. Ulipouza IST uliuza na safari zake za kumwona mama yake, na yeye alikuja kulijua hilo baadaye. Hapo ana haki kuliko wewe.

Lakini dawa ipo na haihitaji kuuza gari. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inatoka Dar hadi Morogoro kwa saa mbili hivi, na nayo ni ya umeme, kwa hiyo hutavunja msimamo wako. Kati ya zile laki mbili zinazobaki, tenga nauli ya watu wawili kwenda na kurudi kila mwezi, na zawadi ya mama. Pesa hiyo akae nayo mkeo, apange yeye siku. Ukiona anapanga kila wiki mbili, nyamaza, ulipe.

Gari usiliuze. Kwa mtu wa kilomita 50 kwa siku mwenye pa kuchomekea, hutapata la bei nafuu zaidi kuliendesha. Ila ndani ya miezi michache ijayo ukikosa mita yako, na mama mwenye nyumba akakataa katakata njia mpya ya waya, basi ama uhame ama uliuze, kwa sababu gari la umeme lisilo na soketi yake litakugombanisha na kila nyumba utakayopanga.

Na hiyo ekstensheni itoe leo hii, usisubiri fundi wa Jumamosi. Siku hizi mbili tatu panda daladala.